Kielelezo Kimoja, Nakala Elfu: Historia ya Vipande Vinavyorudiwa, Kutoka Tembe la Ugogo Hadi Kompyuta

Barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha inapita Haneti, kata ya Wilaya ya Chamwino iliyo kaskazini ya mji mkuu. Ni nchi kame. Mvua ina msimu mmoja tu, na miezi mingine yote makorongo hukaa makavu, yamejaa mchanga. Lakini mvua ikishuka kwa nguvu, korongo ambalo asubuhi lilikuwa njia ya mbuzi huwa mto ifikapo jioni. Ndiyo maana chini ya lami ya barabara hiyo ya kilomita 251 hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, kuna makalavati ambayo msafiri hayaoni na hayafikirii.

Mhandisi wa barabara kama hiyo hachori kila kalavati upya. Huchora moja, kisha hueleza kwa uangalifu linaruhusiwa kubadilika wapi na kwa kiasi gani. Korongo jembamba hupewa tundu moja. Korongo pana hupewa mawili au matatu. Tuta la barabara likiwa juu, kalavati hurefushwa. Udongo ukiwa dhaifu, msingi huongezwa unene. Vipande ni vilevile na vinarudiwa, ila muundo mzima hugeuka kufuata mahali. Kusimamia vitu vinavyofanana bila kuwa sawa ndicho kiini cha programu za kisasa za usanifu kwa kompyuta, na wengi hudhani kazi hiyo ilizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Historia yake ni ndefu, na sehemu yake nzito imepita katika uwanda huu wa kati wa Tanzania. Inatufundisha kwamba kurudia kipande ni jambo jepesi. Lililo gumu ni kuijua kanuni ya kurudia, na kujua nini kiachwe kiamuliwe na mahali penyewe.

Nyumba iliyoongezeka bila kubomolewa

Kabla ya reli, na kabla ya ramani za karatasi, Wagogo walikuwa na muundo wao wa vipande vinavyorudiwa: tembe. Misafara iliyokatiza Ugogo katika karne ya 19 ikienda Tabora na Ujiji iliyakuta matembe hayo yametanda uwandani. Vipande vyake vilikuwa vichache: nguzo zenye panda, boriti zilizolazwa juu ya panda hizo, fito juu ya boriti, kuta za miti zilizokandikwa udongo, na udongo mwingine uliotandazwa juu kuwa paa la bapa. Vyumba vilipangwa kuzunguka ua wa mifugo, na kila mke alikuwa na sehemu yake.

Kaya ilipokua, tembe liliongezewa sehemu. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Chumba kipya hakikuhitaji kuta nne, kwa sababu ukuta mmoja ulikwisha kusimama: ule wa chumba cha jirani. Vyumba vitano vilivyoungana kwa mstari vina kuta sita za kukata, wala si kumi. Na pale mstari wa vyumba ulipofika kona ya ua, nguzo za kona zilifuata mpango wao. Aliyejenga tembe hakuhesabu vyumba kisha akazidisha. Alijua kipande gani ni cha chumba chenyewe, kipande gani wanashirikiana majirani wawili, na kipande gani ni cha kaya nzima. Tofauti hizo tatu ndizo zinazomsumbua mchoraji wa kompyuta hadi leo.

Reli, meli na masanduku 5,000

Ulaya nayo ilikuwa inatafuta njia ya kurudia vipande, lakini kwa chuma. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kwamba skurubu zote za Uingereza ziwe na meno ya kipimo kimoja, ili nati iliyotengenezwa Manchester ikubali bolti iliyotengenezwa London. Miaka kumi baadaye, mwaka 1851, jengo la maonyesho la Crystal Palace lililobuniwa na Joseph Paxton lilisimama London kwa muda mfupi mno, kwa kuwa lilikuwa nguzo, boriti na vioo vya vipimo vichache vilivyorudiwa maelfu ya mara.

Fikra hiyo ilifika uwanda wa kati ikiwa reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200. Upana kati ya reli na reli ulikuwa mita moja, kuanzia bahari hadi ziwa. Taruma la Pugu na taruma la Kigoma lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni vile vilivyogusa ardhi: tuta, madaraja, mapito ya maji. Vita ilipofika mwaka 1916 na Wajerumani wakabomoa madaraja wakirudi nyuma, Waingereza waliokuja nyuma yao waliweza kuifufua njia, kwa sababu reli yenye kipimo kimoja hutengenezwa kipande kwa kipande bila kuhitaji aliyeijenga mwanzo.

Juu ya reli hiyohiyo ulipita mzigo unaostahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli iliyoitwa Graf von Goetzen, kikaifungua vipande na kuipakia katika masanduku 5,000. Shehena ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni, ikapita Dodoma na Tabora kuelekea Kigoma. Huko meli iliunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Ilizamishwa mwaka uliofuata na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tufikirie kazi iliyokuwa ndani ya masanduku yale. Mabamba ya ubavu wa meli yanafanana kwa macho, lakini ubavu hujipinda, kwa hiyo bamba la mbele si la katikati, na la kulia ni kinyume cha la kushoto. Riveti, kwa upande wake, ni ileile popote. Bila orodha inayosema kipande hiki ni kipi, kinakwenda wapi na viko vingapi, masanduku 5,000 yangebaki rundo la chuma ufukweni mwa Tanganyika. Orodha ile ilikuwa sehemu ya meli sawa na injini yake.

Fremu ya Bailey na shamba la Kongwa

Vita Kuu ya Pili na miaka iliyoifuata ilileta mifano miwili ya kurudia vipande, na ni vyema kuitazama bega kwa bega.

Wa kwanza ni daraja la Donald Bailey, mtumishi wa Wizara ya Vita ya Uingereza, lililobuniwa mwaka 1940 na kuanza kutengenezwa viwandani mwaka uliofuata. Kiini chake ni fremu moja ya chuma yenye urefu wa futi 10, yaani kama mita 3, na uzito wa kilo 260 hivi, ambayo watu sita wanaweza kuibeba. Fremu huunganishwa kwa pini kichwa kwa kichwa mpaka ng'ambo ifikiwe. Mzigo ukiwa mzito au mto ukiwa mpana, fremu hupangwa mistari miwili au mitatu ubavu kwa ubavu, na hata tabaka mbili au tatu kwenda juu. Kipande ni kilekile. Anayefunga daraja husoma jedwali lenye upana wa mto na uzito wa gari, nalo humwambia apange vipi. Madaraja ya chuma ya ukoo huo yanatumika mpaka leo katika Afrika Mashariki pale mafuriko yanapoondoka na daraja na watu wakabaki upande huu na ule.

Wa pili ni mpango wa karanga. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulichora mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Msingi wake ulikuwa kipande kimoja: shamba la ekari 30,000 linalolimwa kwa mitambo. Kipande hicho kilirudiwa mara 107: mashamba 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, mashariki ya Chamwino ya leo. Kwenye karatasi, shamba la kwanza na la 107 yalikuwa sawa.

Ardhi haikuwa sawa. Mvua ya Kongwa haitabiriki. Udongo wake wenye mfinyanzi hukauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikang'ang'ania chini na majembe ya trekta yakakwanguka. Matrekta yenyewe yalikusanywa huku na kule, mengine mabaki ya vita, na hata vifaru vya kivita vikageuzwa kuwa mashine za kufyekea vichaka, kwa hiyo karakana ilihitaji vipuri vya kila ukoo. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hazina ya Uingereza ikahesabu hasara ya pauni milioni 36 hivi.

Bailey na Wakefield wote walirudia kipande. Bailey aliuliza mto una upana gani kabla ya kuunganisha fremu ya kwanza. Mpango wa karanga haukuacha mahali popote pa kuandika mvua ya Kongwa na udongo wa Kongwa. Muundo usio na nafasi ya mahali hauna budi kugombana na mahali, na mahali ndipo hushinda.

Kosa la namna hiyo halikuondoka na wakoloni. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ya kuhamishia watu vijijini, na baada yake operesheni za namna hiyo nchi nzima hadi mwaka 1976, zilikuwa na nia njema ya kusogeza shule, zahanati na maji karibu na watu. Shule na zahanati nyingi zilijengwa, na hilo halifutiki. Lakini nyumba zilizopangwa mistari iliyonyooka, kijiji baada ya kijiji, mara nyingi ziliwaacha wakulima mbali na mashamba na wafugaji mbali na malisho. Kielelezo kilikuwa kimoja, na nafasi ya kuandika tofauti ilikuwa finyu.

Kompyuta inajifunza kurudia

Kabla ya operesheni hizo, ng'ambo, kurudia kulikuwa kumekwisha kupewa chombo kipya. Januari 1963, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, kijana Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu kuhusu programu yake, Sketchpad. Mtumiaji alichora umbo mara moja kwa kalamu ya mwanga, umbo hilo likawa kielelezo, kisha akaita nakala zake mahali popote pa mchoro. Kielelezo kilipobadilishwa, nakala zote zilibadilika. Mchoraji wa karatasi aliyetaka kusahihisha bolti mia moja alipaswa kuzifuta mia moja. Sutherland alisahihisha moja.

Tanzania ilikuwa na kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu za serikali kwenda mrama, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi ruhusa ilipatikana kwa shida. Kwa hiyo wahandisi wetu wa kizazi hicho walibaki na ubao wa kuchorea, rula na karatasi ya kufuatishia, ilhali wenzao nje walikuwa wanahamia kwenye skrini.

Mapinduzi ya skrini yalikuja haraka. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, ikawa na njia ya kuhifadhi kipande na kukipachika mara nyingi. Mwaka 1988 kampuni ya Samuel Geisberg ilitoa Pro/ENGINEER, ambamo kipimo kikawa kitu kinachoweza kubadilishwa: badili urefu, na umbo zima hujichora upya. Mwaka 1995 ikafuata SolidWorks, iliyoenea kwa wahandisi wa kawaida, na programu za kizazi hicho zilizoea kuweka aina nyingi za muundo mmoja ndani ya faili moja, zikiongozwa na jedwali. FreeCAD, programu huria iliyoanza mwaka 2002, ilipata mwaka 2021 njia ya kuunganisha nakala nyingi na kielelezo kimoja, na toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 likaja na sehemu yake ya kuunganishia vipande. Hiyo haidai ada, na mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuipakua leo.

Kalavati ndani ya jedwali

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Chukua kalavati la zege la sanduku, kama yale yanayohitajika katika makorongo ya Haneti. Mchoraji hufungua jedwali lenye safu nne za kuamua: idadi ya matundu, upana wa tundu, kimo cha tundu, na urefu wa kalavati. Vingine vyote vinatokana na hivyo.

Kuta za nje ni mbili daima, maana zinazuia udongo wa tuta, na nondo zake ni nzito. Kuta za ndani ni idadi ya matundu kutoa moja: matundu mawili, ukuta mmoja, matundu matatu, kuta mbili. Kalavati la tundu moja halina ukuta wa ndani, na kwa kuwa programu nyingi hazikubali kurudia kipande mara sifuri, ukuta huo lazima uzimwe kwa amri yake katika aina hiyo. Kuta za mabawa, zinazoongoza maji yaingie na yatoke, ni nne hata matundu yakiwa kumi. Nondo za kukata zikiwekwa kila sentimita 15 katika urefu wa mita 9, nafasi ni 60 na nondo ni 61. Kwa kalavati la matundu matatu, anayezidisha bila kanuni hupata kuta sita pale palipohitajika nne, na mabawa kumi na mawili pale ambapo manne yangetosha. Makosa hayo hayabaki kwenye skrini. Huingia kwenye orodha ya vifaa, kisha kwenye zabuni, kisha kwenye fedha za umma.

Uzoefu wa miongo hii umeonyesha hatari tatu. Ya kwanza ni kuhifadhi faili jipya kwa kila tofauti ndogo. Mwaka ukiisha kuna mafaili arobaini ya kalavati moja, na kosa likisahihishwa katika moja, thelathini na tisa hubaki na kosa. Ya pili ni kinyume chake: kubadili kielelezo bila kujua nani anakitumia. Unene wa ukuta unaongezwa kwa ajili ya korongo moja, na michoro ya makorongo mengine ishirini, iliyokwisha kuidhinishwa, inabadilika kimyakimya. Ya tatu ni kufunga kipande kwenye nakala inayoweza kuzimwa. Ukilipima bawa kutoka ukuta wa pili wa ndani, siku utakapochagua tundu moja ukuta huo haupo, na bawa linaelea hewani.

Dawa inajulikana. Kielelezo kiwe na makazi mamoja na mwenye dhamana mmoja. Kila kipande kifungwe kwenye mistari na nyuso za rejea ambazo hazibadiliki, kama mhimili wa barabara, wala kisifungwe kwenye nakala ya jirani. Tofauti zote ziandikwe kwenye jedwali moja ambalo mtu anaweza kulisoma bila kufungua mchoro. Na kila aina ijaribiwe, hasa ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, kwa sababu kanuni mbovu hujificha katikati na kuonekana pembeni.

Reli mpya na madarasa 15,000

Leo uwanda wa kati umerudi kwenye reli. Reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 ilianza kujengwa mwaka 2017. Pamoja na njia za kupishania, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina kilomita 300 za njia, na cha Morogoro hadi Makutupora kilomita 422. Abiria walianza kusafiri hadi Dodoma Julai 2024. Mataruma ya zege ya reli za namna hii kwa kawaida hukaa kila sentimita 60, yaani yapata 1,667 kwa kilomita moja ya njia. Kwa kilomita 722 ni zaidi ya milioni 1.2. Hakuna kompyuta inayopaswa kubeba mataruma milioni kila moja na mikunjo yake yote. Huchorwa moja kwa ukamilifu, yaliyobaki huwakilishwa kwa umbo jepesi na hesabu sahihi. Kujua nini kisichorwe kwa undani nacho ni sehemu ya ufundi.

Lakini mfano unaogusa vijiji vingi zaidi ni darasa. Oktoba 2021, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na ndani yake kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Chumba cha sekondari kilitengewa shilingi milioni 20. Ramani moja ilipelekwa katika halmashauri zote, kwenye baridi ya Makete, upepo wa Chamwino na mvua za Kagera. Msingi, lenta, kenchi, papi, mabati na kofia vilirudiwa nchi nzima, na kwa miezi michache watoto wengi wakapata pa kukaa. Hayo ni mafanikio ya kipande kinachorudiwa, na yanastahili kusemwa wazi.

Yaliyobaki ni kanuni. Vyumba viwili vilivyoungana vina kuta tatu za kukata, si nne, na bei ya chumba cha pili haiwezi kuwa sawa na ya kwanza. Mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika unahitaji msingi ambao mchanga hauuhitaji. Upepo wa uwandani unadai kenchi ifungwe kwenye lenta kwa namna yake. Fundi mzuri wa kijiji anayajua haya, na mara nyingi huyafanya bila kuandikwa. Tatizo ni kwamba ujuzi huo haurudi kwenye ramani, na darasa la mwakani, wilaya nyingine, huanza tena mahali palepale.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa wahandisi wa halmashauri, walimu wa vyuo vya VETA na vya ufundi, na vijana wanaojifunza usanifu Dodoma, Arusha, Mbeya na Dar es Salaam. Tujenge maktaba ya taifa ya vielelezo: kalavati, darasa, zahanati, tangi la maji, mnada wa ng'ombe. Kila kielelezo kiwe na jedwali lake la tofauti lililoandikwa kwa Kiswahili, kihifadhiwe mahali pamoja panapofunguka kwa kila halmashauri, na kila marekebisho yanayotoka kwa fundi wa kijijini yaingizwe na tarehe yake. Programu zipo, na nyingine ni za bure. Wataalamu tunao. Kinachohitajika ni uamuzi wa kuandika udongo, mvua na upepo wa kila wilaya ndani ya ramani kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.